Niliulizwa swali moja kuhusu ndoa ya kaka yangu, nikasema sikumbuki

Wakuu, salaam kutoka Bukavu. Humu mimi ni msomaji tu, ila leo naweka yangu. Ni ya kweli na inaniaibisha, kwa hiyo mkinitukana nitavumilia.

Kaka yangu Mugisho alikuwa mchimba dhahabu Shabunda. Alimuoa Nsimire, binti wa Walungu. Ng'ombe wawili wa mahari niliwapeleka mimi mwenyewe, kwa miguu, kutoka kwetu Nyantende. Mvua ilinipiga njia nzima.

Huku kwetu ng'ombe wakishaingia kwa baba mkwe, basi, huyo ni mke. Karatasi ya ndoa ya komini, ile ofisi ya serikali ya mtaa, tunaiona mambo ya wasomi. Hata padri alipodai hiyo karatasi kwanza ndipo awabariki, Mugisho alisema watakwenda akirudi kutoka Shabunda. Kila akirudi, neno ni hilohilo.

Waliishi Kadutu, hapahapa Bukavu, miaka tisa, kwenye nyumba waliyoijenga wote wawili. Nsimire alibeba mchanga mgongoni, nilimwona. Mungu hakuwapa mtoto.

Kisha shimo likamfukia kaka yangu.

Matanga yalipoisha, kaka yetu mkubwa akatuita.

"Ule mwanamuke hana mutoto, hana karatasi. Nyumba iko ya famille. Atarudia kwabo."

Hakuna aliyebisha. Mimi niliahidiwa chumba. Nilikuwa nimechoka kuhamahama na mke wangu, nikanyamaza.

Nsimire hakunyamaza. Alipata avoka, yaani wakili, mama mmoja mpole lakini usimchezee. Huyo alieleza mahakamani kwamba Katiba inampa kila mtu haki ya kuoa au kuolewa na kuanzisha familia, na inakataza mwanamke kubaguliwa. Kwamba ndoa ya kimila ni ndoa, na hata isipoandikishwa inaweza kuthibitishwa na walioshuhudia.

Nilisikia yale maneno nikaona jinsi yalivyo mazuri. Tatizo ni kwamba yalihitaji mtu wa kusimama.

Baba yake Nsimire alishafariki. Mshenga pia. Ndugu zake walikuja kusema, hakimu akataka kumsikia mtu wa upande wa mume. Akaniita mimi, akataka nithibitishe:

"Njo weye ulipeleka ngombe?"

Kaka mkubwa alikuwa amekaa nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilijua ananitazama.

Nikasema sikumbuki vizuri.

Wakuu, mtu anasahau vipi ng'ombe aliowaswaga kutwa nzima kwenye tope?

Nsimire alishindwa. Akaondoka na godoro na masufuria.

Mwaka huu nimemfuata Walungu kuomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa na viazi. Nilianza kujieleza, mara uoga, mara familia. Akanikatiza.

"Shemeki, siku ya tribinali nilivaa ile kitenge ya siku ya mahari. Nilisema ukiiona utakumbuka."

Nilikuwa nimeiona. Nilimwambia hivyo. Akainuka, akaenda kuondoa kuku kwenye mahindi, hakurudi kukaa nami.

Sasa somo, kwa vijana hasa. Mahari ikishatolewa, nendeni komini wiki hiyohiyo. Msiseme tutakwenda. Katiba inamlinda mkeo, ila asilazimike kutegemea mdomo wa shemeji, maana shemeji mwenyewe ndiye mimi. Mke wangu nilimpeleka niliporudi kutoka Walungu. Kwenye foleni aliniuliza kwa nini nina haraka ghafla, nikamwambia asogee, foleni inakwenda.

Wanasheria mliomo humu, nina swali na silitanii. Je, naweza kurudi kwa hakimu nikasema nilidanganya? Kesi itafunguliwa tena au nimechelewa? Kama ni kufungwa nifungwe.

Karibuni mseme, msinionee huruma. Ninaandika haya nikiwa ndani ya nyumba ya Nsimire, kwenye chumba kile nilichoahidiwa.