Kijiji Kilichopakwa Rangi ya Maji

Sikwenda London kutembea. Nilikwenda kwa sababu Garba alinyimwa viza mara mbili, na mimi nilipewa mara ya kwanza nilipoomba.

Garba nilisoma naye elimu ya mito. Tulipomaliza, mimi nilirudi Dar es Salaam kufanya kazi ya bonde la Rufiji, naye akarudi kwao Nijeria, kwenye bonde la Mto Niger. Mama yake, Hajiya Laraba, alizaliwa kijiji kiitwacho Tungan Kade, ukingoni kabisa mwa mto huo. Lilipojengwa bwawa la umeme kijiji kilizama na watu wakahamishwa. Sasa, miaka mingi baadaye, kamati ya ardhi ilikuwa ikigawa mashamba ya kando ya ziwa kwa familia zilizohamishwa, na watu wa Tungan Kade wakaambiwa hawamo. Kwenye ramani kijiji hicho hakikuwepo. Waliandikwa kuwa ni wageni.

"Kabla ya maji kuja walipita watafiti kutoka Uingereza," Garba aliniambia kwa simu. "Walizunguka bonde zima, wakauliza watu majina. Mama anawakumbuka. Madaftari yao yako London. Dada Hawa, mimi wamenikatalia viza. Nenda ukanisomee."

Nilikuwa nimealikwa mkutano wa siku mbili kulekule. Nikaomba likizo ya wiki moja ya ziada.

Jumamosi asubuhi nilitua. Afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza nimefuata nini, nikamjibu kuwa nimefuata mto. Akaniangalia, akapiga muhuri. Nje alinisubiri Rehema, rafiki yangu wa tangu shule huko Tanga, ambaye ni muuguzi na ametoka shifti na sare yake chini ya koti. Alinikumbatia, kisha akanishika mkono wa nguo.

"Hili ndilo koti ulilokuja nalo? Shoga, hili ni la Lushoto. Huku litakuua."

Akanivisha lake la pili. Nyumba yake ilikuwa Walthamstow, katika safu ya nyumba zilizoungana kama meno, karibu na mtaa mrefu wa soko ambako nilikuta mihogo, bamia na hata ndizi za kupika. Binti yake alinisalimu shikamoo vizuri sana, na baada ya hapo kila nililomuuliza kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza.

Jumatano, mkutano ulipokwisha, nilipanda treni hadi Euston nikatembea mpaka kwenye maktaba ya nyaraka. Mtunza nyaraka, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinisomea masharti: kalamu ya risasi tu, boksi moja kwa wakati mmoja. Boksi la kwanza lilijaa vipimo vya kina cha maji. La pili, aina za samaki. La tatu, udongo. Watu wale walikuwa wamelipima bonde la Niger kwa uangalifu ambao mimi, mtu wa kazi hiyo, niliuonea wivu. Waliandika hata mwezi ambao nyuki wanahama.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, nikafungua daftari lenye jalada la kitambaa, na juu ya ukurasa kumeandikwa Tungan Kade. Chini yake yalifuata majina ya wakuu wa kaya, moja baada ya jingine, kwa mwandiko mdogo uliolala. Jina la tisa lilikuwa Bello, mvuvi na mkulima wa vitunguu. Garba alikwishanitajia jina la babu yake. Nilikaa nikilitazama mpaka mtunza nyaraka akaja kuniuliza kama niko salama.

Lakini furaha yangu haikufika jioni. Daftari lilitaja kijiji bila kusema kilikuwa wapi. Nilimpigia Garba.

"Kuna Tungan Kade nyingine," akasema. "Iko upande wa juu wa mto na haikuzama. Kamati watasema ni ile."

Nikaomba ramani iliyochapwa kutokana na utafiti ule. Ilikuwa nzuri, imechorwa na mkono usiokosea. Pale ambapo kijiji kingekuwa palikuwa na buluu tupu. Pembeni, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina la mchoraji: Haroub.

Jioni, tukila, nilimtajia Rehema jina hilo kwa mzaha tu, kwamba hata Mto Niger umechorwa na Mzanzibari. Akaweka kijiko chini.

"Mzee Haroub wa Kenton? Yule alikuwa mchora ramani. Tunakutana naye kwenye hitima. Yu hai."

Ijumaa mchana nilivuka jiji kwenda Kenton. Mzee alikaa juu ya duka la Mama Jaya, Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Alipoona nasitasita mlangoni mwa duka aliniita kwa Kiswahili cha kwao: "Unatafuta Mzee? Panda tu juu, yeye iko. Sema kwa nguvu, masikio imechoka."

Mzee Haroub alinifungulia akiwa na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono na sweta mbili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Utete, Rufiji. Akatabasamu, akanimiminia chai. Alipoiona nakala ya ramani mkononi mwangu, tabasamu likamwisha.

Alinisimulia polepole. Huko Unguja alikuwa amejifunza kuchora katika ofisi ya upimaji. Baada ya Mapinduzi aliondoka na mkoba mmoja, akafika London, akapata kazi kwenye ofisi ndogo ya wachora ramani ambayo sasa haipo tena.

"Zikaja karatasi kutoka bonde la Niger zimejaa majina, mwanangu. Yote nikayachora. Halafu akaja mkubwa wetu na mstari, kuonyesha maji ya bwawa yatakapofika. Akasema, kila kilichomo ndani ya mstari huu kipake buluu. Nikamwambia, lakini watu bado wamo. Akasema, ramani ikitoka hawatakuwamo."

"Ukapaka?"

"Nikapaka. Nami ni mgeni, makaratasi yangu hayajatimia, ningesema nini? Nimepaka siku mbili."

Nikamweleza habari ya Hajiya Laraba na mashamba. Nikamuuliza kama mchoro wa kwanza, ule wenye majina, ulibaki popote. Aligeuka dirishani.

"Hayo yamekwisha. Mimi hapa nimeishi kwa kunyamaza, na kunyamaza kumenisitiri. Kunywa chai yako."

Sikumlazimisha. Nilirudi Walthamstow na nakala za daftari zilizopigwa muhuri, nikijua hazitoshi. Garba aliponipigia nilimwambia ukweli. Akasema, "Umejitahidi, dada yangu," na hilo ndilo lililoniumiza zaidi kuliko kama angelalamika.

Jumapili asubuhi, siku yangu ya kuondoka, kengele ya mlango ililia. Alikuwa Mzee Haroub, peke yake, na fimbo mkono mmoja na bomba la karatasi ngumu kwapani. Alikuwa amebadilisha treni mara mbili na magoti yake mabovu. Rehema alimkalisha, akaondoa vikombe mezani. Mzee akavuta kutoka ndani ya bomba karatasi ya kalki, ile nyepesi ya kunakilia michoro, iliyogeuka rangi ya chai, akaikunjua, nasi tukaishika pembe zake.

Mto ulikuwa pale, umejipinda, na kandokando yake majina, majina, majina. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja, bila kutafuta, hadi penye kona ya chini. Tungan Kade. Vijiduara vyeusi kwa kila kundi la nyumba, na njia inayoteremka majini.

"Mkubwa alisema nichane," akasema. "Mimi nimetoka kwetu sina hata picha ya mama yangu. Nikashindwa kuwachana mama za wenzangu."

"Mzee, na kwa nini juzi ulinikatalia?"

"Niliogopa. Niliiiba hii, ujue. Jana kutwa nimejiuliza, umri huu, naogopa nini tena?"

Aliandika maelezo yake kwa Kiingereza, Rehema akashuhudia. Alipotia sahihi hakuridhika nayo, akaomba karatasi nyingine aandike upya. Nikamwambia hiyohiyo inafaa. Mlangoni alinishika mkono. "Mwambie huyo mama nilizisoma nyumba zao kabla sijazifunika."

Jumatatu nilikuwa Dar es Salaam. Nakala za daftari, za mchoro na za maelezo ya Mzee zilitumwa Nijeria wiki hiyohiyo, na mara tu zilipofika Garba alinipigia akiwa na mama yake, ili nimsomee majina mwenyewe. Nilifikisha kwanza salamu za Mzee. Nikaanza kusoma. Kila jina alilijibu, na Garba akanitafsiria: huyu alikuwa kiziwi, huyu alikuwa na mbwa mkali, huyu alikufa mwaka wa kuhamishwa. Nikafika kwa Bello, baba yake. Hapo Hajiya akauliza kitu.

"Anauliza," Garba akasema, "mke wa Bello yumo?"

Nilimweleza kuwa waliandikwa wakuu wa kaya peke yao.

Hajiya akazungumza kwa sauti kali, na hapo Garba hakuhitaji kunitafsiria lote. "Anasema uandike. Kande. Yeye ndiye aliyekuwa akipika kwa wale watafiti."

Nikaandika.

Kamati ilichukua miezi saba. Ilikikubali kijiji, ingawa familia mbili bado zinabishaniwa na Garba anaendelea nazo.

Mimi nimerudi kwenye kazi yangu ya Rufiji. Zamani nilipoingia kwenye ua na daftari niliuliza jina la mwenye nyumba, nikashukuru, nikaondoka. Siku hizi nikishaandika jina la kwanza nakaa chini. Nauliza ni nani mwingine analala humu, na nani anapika, na nani yuko shambani sasa hivi. Na kama yuko shambani, nangoja arudi.