Mjane Alichomwa kwa Sababu ya Sahani Yangu ya Chipsi

Admin, jina langu lifiche, na la mtaa pia. Nina miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Bungoma, na hapa Kitale naendesha posho mill, mashine ya kusaga unga. Nina mke na watoto watatu. Kuna mama amelala wodini akiwa ameungua kutoka shingoni hadi mkononi. Aliyemchoma ni mke wangu, lakini mwenye makosa ni mimi. Nitukaneni mkimaliza kusoma, si kabla.

Mwaka jana niliambiwa kliniki kwamba nina sukari na presha, nikakatazwa vya kukaanga na soda. Mke wangu, tumuite Mama Brayo, alilia siku moja tu, kisha akajikaza. Akaanza kunipikia ugali wa wimbi kama ngumi ya mtoto, mrenda, na maharagwe ya kuchemsha bila tone la mafuta. Mboga alizifuata kwa miguu hadi sokoni mjini, kwa sababu mtaani kwetu hakuna anayeuza. Kutoka posho mill hadi mlangoni pangu ni vibanda vya chipsi, mutura, mandazi na soda, vimebanana, na vyote huwasha moto jioni wakati mimi nazima mashine. Mtu ana njaa, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, halafu apite hapo akienda kula mrenda? Nilipita siku nne. Siku ya tano niliingia kwa Mama Kevo.

Mama Kevo ni mjane mpole, asiye na maneno mengi. Ndani ya kibanda chake kuna pazia, na nyuma ya pazia benchi moja. Nilimwomba anikalishe hapo nisionekane. Sikumwambia kwamba mimi ni mgonjwa, nilisema tu mke wangu hapendi nile nje. Ikawa kila jioni ni chipsi, matumbo ya kukaanga na soda baridi. Naapa sijawahi kumgusa hata kidole.

Nyumbani nikawa nasukuma sahani kando. Mama Brayo aliuliza kwa upole, baadaye akaanza kuninusa shati, mpaka siku moja akanibana ukutani.

"Ni nani anakulisha? Si ni yule wa chipsi?"

Ningesema tu ukweli, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi, mwanaume niliyesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, niambiwe nadokoa kama mtoto? Niliona afadhali aniite mzinzi kuliko mlafi. Nikacheka, nikamwambia, "Mwanaume haulizwangi." Alinitupia sufuria ya maharagwe, ikanipasua paji la uso. Hata hapo sikusema.

Jumatano moja akanifuata, mwiko wa ugali mkononi. Alichana lile pazia, akanikuta na sahani magotini, akanipiga mwiko begani hadi ukavunjika. Kisha akamgeukia Mama Kevo.

"Leo utajua mimi ni nani! Umemlisha nini bwanangu?"

"Mama, ngoja, huyu anakulanga tu..."

Hakumaliza. Mama Brayo aliinua karai la mafuta yaliyokuwa yanachemka na kummwagia lote. Ile sauti aliyotoa yule mama bado naisikia kila nikiwasha mashine. Ngozi ya mkono ilitoka na kitambaa cha nguo. Watu walijaa, na badala ya kuleta maji walimzomea Mama Kevo. Mmoja alimpiga teke mgongoni akiwa chini, ati mwizi wa mabwana apate funzo. Na mimi? Nilikuwa na chipsi mdomoni. Nilimeza kwanza, ndipo nikaita msaada. Hilo ndilo siwezi kujisamehe.

Kesho yake kaka zake Mama Kevo walikuja kutoka kwao, eneo la Kwanza, na rungu. Walinivunja mbavu mbili, meno yangu mawili yakabaki sakafuni, wakaponda kila kitu ndani ya nyumba. Walinipiga kama mzinzi, nami nikapokea kipigo kama mzinzi. Polisi walimshika mke wangu, sasa yuko nje kwa dhamana, kwa wazazi wake Bungoma.

Jumamosi hii familia zote mbili, yangu na ya mke wangu, zinakutana huko. Mama Brayo amenipigia simu akilia. "Baba Brayo, kubali tu ulilala na yeye. Nitakusamehe, turudi kwa nyumba yetu." Anataka iwe kweli, ili naye awe hakumchoma mtu bure. Kaka yake mkubwa akamnyang'anya simu. "Shemeji, tukisikia ati dada yetu alichoma mtu asiye na makosa juu ya uwongo yako, hutatoka kwa hii boma na miguu zako. Panga iko tayari."

Leo mchana nilienda hospitali. Mama Kevo hawezi kugeuza shingo, aliongea akitazama dari. Kina mama wa kanisa lake hawaji tena kumwona, na huko mtaani jina lake limekuwa malaya. Nilianza kumpa pole, akanikatiza.

"Sitaki pole yako. Si uende tu useme ulikuwa unakula? Basi."

Nikisema ukweli, nitakuwa nimemvunja mke wangu kabisa, na shemeji zangu watanikata. Nikikubali uzinzi, nitarudi na mke nyumbani, lakini huyu mama atabaki na makovu na jina ambalo si lake. Nilitoka wodini nimeamua kusema ukweli, iwe iwavyo. Nikatembea hadi mtaani. Kibanda cha Mama Kevo kimefungwa, lakini cha jirani yake kilikuwa kimeshawasha moto.

Nawaandikia nikiwa humo ndani. Nimeomba kiti cha pembeni, na sahani iko mbele yangu. Jamani, nishaurini, mtu kama mimi atasema nini Jumamosi?