Bluu Iliyokwenda Vitani

Mwalimu Clotilda hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alifundisha darasa la tatu hapa Nyakahura mpaka akastaafu, akalima mihogo yake nyuma ya nyumba, akaimba sauti ya pili kanisani. Mungu alipomwita, wanakwaya ndio waliobeba jeneza. Lakini sisi tuliosoma kwake tukikutana gulioni, hatuagani kabla mmoja hajasema, "Mnaikumbuka ile bluu?"

Ilikuwa Desemba ya sabini na nane. Vita vilikuwa vimeanza, na Bartholomayo, baba yake Justina, alikuwa amekwenda na mgambo wenzake. Shule ilikuwa imefungwa, ila tuliitwa kufanya mazoezi ya gwaride la Uhuru. Mwalimu akatutangazia kwamba lori litakuja kuchukua maharage ya askari, nasi tuchore picha za sikukuu ziende juu ya magunia.

"Askari naye asherehekee," alisema.

Justina akainuka kwenye benchi. "Ya kwangu apewe baba, Mwalimu!"

"Tutaandika jina lake nyuma, mama. Tumwombe Mungu imfikie."

Masista wa parokia walikuwa wametuletea kalamu za nta na vidonge vya rangi za maji. Vidonge vilikuwa vya kupaka bendera kubwa iliyochorwa ukutani. Kalamu za nta ndizo zetu, nasi tulikuwa wengi kuliko kalamu. Lakini kile kilikuwa kijiji cha ujamaa. Mwalimu alizivunja vipande, akaviweka kwenye ungo, akafunika kwa kanga, na kila mmoja akaingiza mkono bila kuchungulia. Ulichopata ndicho chako, kama tulivyogawiwa sukari dukani. Hakuna kubadilishana, hakuna kununa.

Alichosahau ni kuitoa nyeupe. Ikamwangukia Justina.

Aliinama akachora, kalamu nyeupe juu ya karatasi nyeupe, akikandamiza kwa nguvu zake zote. Ndassa, mtoto wa Wasukuma waliohamia karibuni, akachungulia.

"Ee, jamani! Anamchorea babake maziwa ndani ya maziwa!"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Justina akafunika karatasi kwa mikono yake miwili. Machozi yakaanza kudondoka, na nje lori lilikwisha kupiga honi.

Mwalimu alikuja akamgusa bega. "Umechora nini?"

"Nyumba yetu, na ng'ombe, na bendera mlangoni. Baba ajue tunasherehekea. Lakini haonekani mtu wala ng'ombe."

Mwalimu alipitisha kidole juu ya karatasi, taratibu, kama anayepapasa shingo ya mtoto mwenye homa. Kisha akatazama ukutani. Bendera yetu ilikwisha kupakwa kijani, manjano na nyeusi. Kona ya chini ilikuwa bado tupu, ikingojea kidonge cha bluu kilichokuwa dirishani, kimoja tu, kimeshaliwa nusu. Na kesho yake mwenyekiti wa kijiji alikuwa anakuja kukagua.

Akakichukua. Akakilowesha mpaka kikayeyuka chote, akachovya kitambaa, akapaka karatasi ya Justina kutoka juu hadi chini.

Maji yakaikimbia nta. Nyumba ikatokea. Ng'ombe akatokea, pembe zake zote mbili. Bendera ikatokea mlangoni, nyeupe katikati ya bluu.

"Yesu wangu," alisema Ndassa.

Ndassa huyohuyo ndiye aliyekimbia na picha ile ikiwa mbichi mpaka kwa dereva.

Asubuhi Mzee Pancras, mwenyekiti, alisimama mbele ya bendera, mikono nyuma.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, Ndugu Mwalimu. Bluu iko wapi?"

"Imekwenda vitani."

"Kwa nani?"

"Kwa Bartholomayo. Mtoto hakuwa na rangi nyingine."

Mzee akaitazama ile kona tupu. "Basi ikae hivyo hivyo. Atakayeuliza, mleteni kwangu."

Bartholomayo alirudi mwaka uliofuata, amekonda, mzima, Mungu ashukuriwe. Kutoka mfuko wa shati alitoa karatasi iliyokunjwa.

"Ilinifikia, mwanangu. Nililala nayo. Lakini tulivuka mto, maji yakafika shingoni, na rangi yote ikaondoka. Nimekuletea karatasi tu."

Justina hakulia. Alimshika baba yake mkono akampeleka kwa Mwalimu, sisi nyuma yao. Vidonge vilikwisha siku nyingi, lakini uani mnavu ulikuwa umeiva. Mwalimu akachuma matunda yale meusi, akayaponda kwenye bakuli, akapaka.

Nyumba ikarudi, safari hii katikati ya zambarau. Ng'ombe akarudi. Bendera ikarudi mlangoni.

Bartholomayo alikaa chini pale pale uani, karatasi magotini, majimaji ya mnavu yakimchuruzika kwenye suruali.

"Kumbe nilikuwa nayo," alisema. "Njia nzima nilikuwa nayo."