Jalada la Alto Lilinyamaza

Utasema nilikuwa na usingizi, au njaa. Mimi mwenyewe nimeyafikiria hayo yote kabla yako, kwa maana kufikiria ndiyo kazi yangu hata nisipoombwa. Lakini yalinitokea, hapa Goma, mchana wa mvua, katika maktaba ya nyimbo ya parokia yetu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani hadi aibu ikaanza kula nami sahani moja. Mama Furaha, mtunzaji wa maktaba ile, akanipokea kwa majaribio. Alinifundisha mambo ya mwanzo kwa upole: nawa mikono, maana vumbi jeusi la lava halitoki kwenye karatasi, kila sauti ina jalada lake, andika kwa kalamu ya risasi tu, kamwe si kwa wino. Siku ile, kabla ya kutoka, alinipa nyimbo tulizoazima kwa korali ya Rutshuru, nifute alama ambazo waimbaji wetu walikuwa wameziandika, ili zirudi safi.

Nikamaliza mapema. Je, akinikuta nimekaa bure atasemaje? Nikavuta kisanduku kilichofuata, cha wimbo wa mazishi wa korali yetu wenyewe, nikaendelea kufuta. Karatasi zote za alto zikatoka safi kabisa.

Ndipo umeme ulipokatika na mzee mmoja akaingia. Nje mvua ilikuwa inamwagika; koti lake lilikuwa kavu. Nikajiambia labda ana mwavuli. Niamini, mtu mwenye hofu hakosi jibu.

"Mutoto, unafuta nini?"

"Alama, Papa. Ili zikuwe safi."

"Safi!" Akacheka. "Unaosha supu mpaka inabakia maji."

Akaketi, akaanza kuimba tenori polepole. Nilikuwa nimeshika jalada la besi. Likatetemeka mikononi mwangu, na besi ikaitikia kutoka ndani yake. Soprano ikaitikia kutoka kwenye rafu. Ulikuwa wimbo mzuri, lakini katikati yake palikuwa na pengo, kama la jino lililong'oka. Jalada la alto lilinyamaza.

"Ule wimbo ulichapwa ukiwa haujaisha," akasema. "Alto tuliitengeneza kwa mazoezi, kwa kreyo tu. Wenye waliijua wametawanyika. Na kesho munazika katekista."

Miguu yangu ilitaka mlango. Lakini nikikimbia, kesho wataimba nini? Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Papa, niimbie alto."

"Kamata kreyo."

Nikashika kalamu ya risasi. Akaimba mstari baada ya mstari, nami nikaandika. Mahali fulani akanisimamisha. "Hapa wapumue."

"Katikati ya neno, Papa?"

"Andika tu."

Umeme uliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Mlango wetu hukwaruza sakafu ukifunguliwa, sikuusikia. Mama Furaha aliporejea nilimweleza kila kitu, nikingoja kufukuzwa. Alisoma karatasi yangu, kisha akanirudishia kalamu. "Nakili zingine. Maalto wako wengi."

Kesho yake waliimba. Baada ya misa mama mmoja mzee, mjane, akaja hadi kwetu.

"Nani aliwaambia mupumue katikati ya neno?"

Nikamweleza mzee alivyokuwa. Akanitazama sana.

"Miye niko na pumu. Bwana yangu alinipatia pumzi pale, tukiimba kwetu nyumbani. Hatukuiandika popote." Kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Muzee ule! Hata kufa haijamunyamazisha!"

Bwana yake alikuwa amezikwa zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi.

Nilibakishwa kazini. Karatasi ile ya kwanza ipo hadi leo. Mama Furaha alijaribu kuunyoosha mwandiko wangu uliopinda. Kifutio kikaisha, alama hazikutoka. Sijui kwa nini, na kwa mara ya kwanza nimeacha kulifikiria jambo. Naosha mikono, nalifungua jalada, nasema aksanti.

Nawe unayejifunza kazi hii, ukikuta alama usiyoielewa, weka kifutio chini, uliza ni ya nani. Uliza sasa, wakati mwenyewe yupo wa kukujibu. Mimi nilijibiwa na marehemu, na sidhani kama hutumwa kwa kila mtu.