Kushuka Kusalimia Mlimani

Sikukaa darasani hata siku moja. Maneno haya ni yangu, mwandiko ni wa mjukuu wangu, nami nimemkataza kuyapamba. Nataka kushukuru, na anayeshukuru hana budi kueleza kwanza ni kitu gani alikaribia kukipoteza.

Tulizaliwa saba kwa mama mmoja, tumebaki wawili. Mimi ninaishi Lumemo, jirani na Ifakara. Dada yangu mkubwa anaishi peke yake huko milima inapoanzia, mwendo wa baiskeli wa saa moja na nusu kutoka kwangu. Macho yake yamefifia. Mwaka jana aliungua mkono akiepua sufuria ya maharage, na mwanawe akaja kutoka Morogoro kumchukua. Dada alikataa katakata. Alisema migomba yake anaijua kwa nyayo, lakini huko mjini atakuwa mtu wa kuongozwa hata chooni.

Mpwa wangu si mtu mbaya. Alinigeukia mimi.

"Mjomba, wa kumtazama hapa ni wewe tu. Ukiweza kufika mara tatu kwa wiki, mama abaki. Kabla ya mvua nitarudi na gari. Nikikuta umeshindwa, ninaondoka naye."

"Nitaweza," nikasema.

Dada akacheka. "Kwa goti lipi, mdogo wangu?"

Lilikuwa swali la haki. Goti langu la kulia liliharibika miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikisukuma magunia ya mpunga kwa baiskeli kutoka shambani. Pikipiki za abiria sizipandi. Moja iliniangusha mtaroni, na mara moja ilitosha. Binti yangu mkubwa aliposikia ahadi niliyoitoa, hakunilaumu wala hakunisifu. Alinitumia baiskeli ya umeme, yenye mota katika gurudumu la nyuma na betri katikati ya fremu. Majirani waliizunguka wakiitazama.

"Mzee, baiskeli yako ina mimba!"

"Basi mwacheni mjamzito apite," niliwajibu, nikaondoka.

Kwenye tambarare niliteleza kama mtumbwi mtoni, na goti halikusema neno. Kwenye kioo kidogo cha usukani kuna vijiti vitano vinavyoonyesha nguvu ya betri. Kusoma sijui, lakini vijiti ninahesabu. Nilifika chini ya mlima wa dada navyo vitatu. Sikufika juu. Katikati ya mlima kijiti cha mwisho kilizimika, nikabaki na baiskeli nzito kuliko yoyote niliyowahi kuisukuma. Niliingia kwa dada mchana, jasho likinitiririka hadi viatuni.

"Umekuja na baiskeli," akauliza, "au yenyewe ndiyo imekuja na wewe?"

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Wiki ile sikufikisha safari nilizoahidi. Nilianza kuamini kwamba betri ni mbovu, na kwamba dada yangu ataondoka kwa sababu ya uongo wangu.

Niliipeleka baiskeli kwa fundi mmoja pale Ifakara, mtu mzima mwenye maneno machache. Aliipima betri, akaizungusha mota, akatikisa kichwa.

"Vyote vizima, mzee. Twende kwenye tuta la reli, nikuone unavyopanda."

Nilipanda tuta huku akinifuata kwa miguu. Katikati nilikutana na bibi mmoja aliyenizidi umri, akiteremka na fimbo yake. Nikashuka, nikasimama, nikasema shikamoo, nikamuuliza hali ya nyumbani, kisha nikapanda tena. Mota ililia kwa uchungu. Hatua chache mbele mtoto akaniamkia, nikashuka tena kumwitikia marahaba.

"Huko mlimani unashuka hivi mara ngapi?" fundi akauliza.

"Kila ninapokutana na mtu."

"Na unaondoka na gia hiyo hiyo?"

"Gia gani?"

Alifunika uso kwa kofia, nikajua anacheka.

"Basi usishuke, mzee. Punga mkono tu."

Nilimweleza kwamba baba yangu alinichapa kwa kumsalimia mtu mzima nikiwa nimekaa juu ya baiskeli, na kwamba kama chombo hiki kinataka kunifunza utovu wa adabu, nitakirudisha kilikotoka. Fundi aliomba radhi, kisha akanipa maneno ambayo ndiyo ninayoyashukuru leo.

"Shuka usalimie, mzee wangu. Lakini ukimwona mtu kwa mbali, ungali unakanyaga, weka gia nyepesi kabisa. Ndipo ushuke. Ukianza tena mlimani kwa gia nzito, unaimaliza betri kwa salamu kumi."

Akanionyesha na swichi ya kubadilishia gia kwenye usukani. Hakuishia hapo. Aliinua siti, kwa maana nilikuwa nimeishusha ili nyayo zikanyage chini, kama tufanyavyo sote tuliozoea kubeba mpunga. Kumbe ufupi ule ndio uliokuwa ukilikunja goti. Akajaza upepo katika matairi niliyoyalegeza kwa ajili ya mchanga. Akanionyesha pia kitufe cha msaada wa mota, ambacho tangu siku ya kwanza nilikuwa nimekiacha juu kabisa, kama mlafi anayejaza sahani: kiwango cha kwanza kwenye tambarare, cha tatu mlimani tu.

Safari iliyofuata niliwasalimu watu wanane mlimani, kila mmoja kwa ukamilifu wake, na nikaingia uani kwa dada vijiti viwili vikiwaka. Aliposikia sauti ya cheni tu, bila mihemo, aliuliza, "Nani huyo?" Niliegemeza baiskeli kwenye mgomba kwanza. Nilikuwa ninamshukuru Mungu.

Tangu siku ile sikukosa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilimchotea maji, nikampasulia kuni, nikamwepulia sufuria. Mpwa wangu alikuja Jumatano moja, mawingu yakianza kuifunika milima. Alikuwa amemwekea mama yake mto kwenye kiti cha mbele cha gari. Alitukuta tukimenya ndizi, mimi na mama yake, na tukabishana mbele yake juu ya nani kati yetu alivunja chungu cha bibi yetu.

Aliitazama baiskeli. Aliutazama mkono wa mama yake, uliokuwa umepona vizuri. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mjomba, asante."

"Asante ni kwa binti yangu na kwa fundi," nikamwambia. "Keti ule."

Alipokuwa akiondoka, dada alimpakilia mkungu wa ndizi, na kwa kuwa nyuma kulijaa maboga, mkungu ule ndio ulioketi juu ya mto hadi Morogoro.