Mkono Ambao Babu Hakuupima

Usiku ule nililala nimechukia. Tangu utotoni ndugu zangu walisema Hamisi hataweza: hatamaliza shule, hatavuka mpaka, na akivuka atarudi na begi la nguo kuukuu. Basi nimerudi kutoka Namibia na stashahada ya ufundi wa mitambo. Nimeitundika sebuleni, mwenye macho asome. Nyumba nimeijenga mwenyewe, bati la rangi, na marumaru hadi barazani. Neno moja tu lilikuwa limebaki midomoni mwao: kwamba kwenye upinde, mwanamume ni Iddi.

Iddi ni mtoto wa baba mdogo. Hajafika mbali zaidi ya Dodoma. Lakini babu yetu, mchonga pinde, alipofariki nikiwa ughaibuni, upinde wake wa mwisho alimwachia yeye. Si mimi, mjukuu wa kwanza.

Ndiyo maana mezani pangu palikuwa na pinde mbili za kisasa, zile zenye roda ndogo, vigurudumu vya kupitishia ugwe, kwenye ncha, ambazo huko nilikokuwa watu huwindia kwa kibali na kushindania shabaha. Muuzaji wa Arusha aliniachia nizijaribu. Asubuhi dereva wake angepita kuchukua nitakaoukataa. Mweusi ulikuwa mzito, mvuto wake mrefu. Wa kijani ulikuwa mwepesi na mfupi. Jumamosi ukoo ungekutana kulenga maboga, kama kila mwaka, na kila mwaka hushinda Iddi. Nilitaka ukoo mzima umwone akishindwa, nami nishike kilichomshinda. Nilikuwa nimeamua: mweusi. Nani angeniogopa na ule wa kijani?

Kweli, jioni ile mishale yangu ilipotea, mmoja ukatoboa ndoo ya Mama Zuhura, jirani yangu.

"Hamisi," aliniita kutoka uani kwake, "hiyo ndoo imekukosea nini?"

Nikasema ni upepo. Majani hayakuwa yakitikisika.

Nikalala. Na babu akaja.

Hakubisha hodi. Nilimkuta ameketi kwenye kochi langu, miguu ina vumbi, ananukia nta ya nyuki aliyokuwa akipaka ugwe wa upinde. Nikamwamkia. Nikamwonyesha stashahada yangu ukutani. Akaitazama kama mtu anavyotazama dirisha, akitafuta kilicho nyuma yake.

"Mume mwenzangu yuko wapi?"

Hilo ndilo jina alilomwita Iddi, kwa kuwa bibi alimwita Iddi mume wake. Mimi aliniita Hamisi tu. Roho ikaniuma kama jicho lililoingiwa na pilipili.

Sebule imekuwa ua wa zamani. Maganda ya mti yametapakaa chini. Iddi ni mtoto, amenyoosha mkono wa kushoto, na babu anampima kwa ukanda wa gome, kutoka katikati ya kifua hadi ncha ya kidole. Ndivyo alivyofanya siku zote: upinde hauchongwi kabla mkono haujapimwa, na ukanda ule hufungwa kwenye mshiko ukabaki hapo. Mimi nimesimama mlangoni na begi, gari linanipigia honi. Naona kiganja cha babu kikitua begani mwa Iddi, kinakaa hapo, hakiondoki.

Nauchukua ule mweusi. Nauvuta bila mshale, kwa hasira, ili babu anione. Mabega yanatetemeka. Nataka kuuachia, na babu tayari yuko mbele yangu, amenishika kifundo cha mkono. Upinde haupigwi mtupu. Wazee wanasema hivyo, na waunda pinde za roda nao wanasema hivyo: nguvu isiyobebwa na mshale huurudia upinde na kuuvunja.

"Unampiga nani?" ananiuliza.

Naushusha polepole.

"Babu, mbona ulininyima?"

"Sikukunyima, Hamisi. Mkono wako haukuwepo."

Anatoa ukanda mfukoni mwa koti. Anauweka kifuani pangu, anauvuta kuelekea kidoleni, lakini unapita kwenye nyama yangu kama moshi. Anajaribu tena. Anautazama, ananitazama, na ndipo naona anataka kulia.

"Mimi siwezi tena," anasema. "Nilimfundisha mwenzio."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umenyooka nje ya kitanda, umekufa ganzi.

Nilibeba pinde zote mbili hadi kwa Iddi. Nilimkuta anapiga mswaki, habari za ndoo zimeshamfikia.

"Karibu, bwana stashahada. Umekuja kulenga ndoo na huku?"

Nilinyoosha mkono. "Nipime."

Akatema povu. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na ukanda wa gome, akaubana kifuani pangu kwa dole gumba vilevile kama babu, na wivu ukanipanda tena. Vidole vile vilipaswa kuwa vyangu.

"Mweusi umekuzidi kiganja kizima," alisema. "Unavuta hadi sikioni, utalenga nini? Chukua wa kijani."

Kisha akaingia ndani tena. Alitoka na upinde wa babu, akalinganisha ukanda wa zamani uliofungwa mshikoni na wangu.

"Huu si wangu, kaka," alisema bila kuniangalia. "Hapa babu alifunga kipimo cha mkono wake mwenyewe. Na wako umelingana nao. Mimi mwenye mkono mrefu, miaka yote hii navuta kwa kujikunja."

Sikuwahi kumsikia Iddi akiongea kwa sauti ile. Niliijua vizuri, sauti ya aliyenyimwa: ilikuwa yangu.

Akanifungia ukanda kwenye ule wa kijani. Dereva akachukua mweusi. Jumamosi Iddi alishinda, mimi nikamfuata kwa karibu hadi watu wakaacha kucheka.

Kwetu, windo la kwanza la upinde mpya haliwi la mwenye upinde, ni la aliyempima. Siku nilipompelekea Iddi paja la swala niliyemwinda kwa kibali, alilipokea kwa mikono miwili.

"Umelipa," alisema. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Sasa nifundishe zile roda."