Barua Iliyokosa Namba

Katika Wizara ya Mambo ya Nje walimwita Muhuri. Miaka thelathini alikaa masjala, chumba cha chini chenye makabati ya chuma, na hakuna barua iliyovuka mpaka kabla hajaigongea muhuri na kuiandika namba ya jalada.

"Huyu hata umpe salamu, atakuuliza namba yake," makatibu muhtasi walimtania, naye akacheka nao.

Alipostaafu, binti yake, mhadhiri wa uhusiano wa kimataifa, alimwalika ukumbini amsikilize. Akaeleza jinsi nchi yao, ndogo kama kiganja, ilivyoombwa na taifa kubwa eneo la kambi ya jeshi, ikanyamaza siku arobaini mpaka mkubwa akasusa. Wanazuoni wa ng'ambo walijenga nadharia juu ya kimya kile: mnyonge anaweza kukataa bila kutamka. Kitabu cha binti kuhusu nadharia hiyo kilikuwa karibu kuchapwa.

Jioni, jikoni kwa binti, mzee hakugusa chakula.

"Baba, hukupenda mhadhara?"

"Hatukunyamaza, mwanangu. Waziri alijibu. Alikubali."

"Alikubali wapi? Majalada yote nimeyasoma!"

"Barua ililetwa kwangu haina namba. Nikaifungia kabatini nikingoja watu wa waziri waniletee namba. Hawakuleta, nami nikasahau. Kuja kukumbuka, watu wako barabarani wanashangilia kwamba tumekataa, na waziri keshajifanya ndivyo alivyokusudia. Nikaogopa. Nikaichoma."

Binti aliweka kijiko chini. Alikuwa na miaka sita taifa lile kubwa lilipoondoa madaktari wake nchini kwa hasira ya kunyimwa kambi. Mama yake alikuwa anangoja kupasuliwa moyo.

"Kwa hiyo mama..."

"Ndiyo."

"Na kila mwaka ukanishika mkono mpaka kaburini kwake!"

Mzee angeweza kusema alifuata utaratibu, na ingekuwa kweli. Lakini kuogopa na kuchoma hakukuwa utaratibu wa mtu yeyote. Hayo aliyatenda mwenyewe, akala mshahara wake miaka yote akiyajua.

Kulipokucha binti alimpigia mchapishaji simu, akasimamisha kitabu. Siku ya tatu alifika kwa mzee na daftari na kinasa sauti, akaketi upande wa pili wa meza.

"Taja kazi uliyofanya, na tangu lini."

"Mwanangu, kwanza nisikilize..."

"Nakusikiliza, mzee. Kazi yako?"

 Mzee akaitaja.